Mtoto wa Kambini Asome kwa Lugha Gani?

Mtoto aliyezaliwa katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, na wazazi waliotoka Kivu ya Kusini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa kawaida hukua akizungumza Kiswahili. Bibi yake anaweza kuwa anamsemesha kwa Kibembe au Kifuliiru, lakini kwenye bomba la maji, kanisani na uwanjani lugha ni Kiswahili, tena Kiswahili chenye lafudhi na maneno ya Fizi na Uvira ambacho mtu wa Kasulu anakielewa bila taabu. Nje ya kambi, watoto wa rika lake wanasoma hisabati kwa Kiswahili, sayansi kwa Kiswahili, na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi wanaufanya kwa Kiswahili. Yeye, kadiri anavyopanda madarasa, anasoma kwa Kifaransa. Anafuata mtaala wa Kongo, nchi ambayo pengine hajawahi kuikanyaga, kwa lugha asiyoisikia popote isipokuwa darasani. Na anayafanya hayo akiwa ndani ya nchi iliyojenga elimu yake ya msingi ya umma juu ya lugha ambayo yeye anaijua tangu alipoanza kutamka maneno.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Niliwahi kushiriki mafunzo ya walimu wakimbizi huko Kigoma, na tangu wakati huo jambo hili halijanitoka. Maamuzi kuhusu lugha ya shule za kambini hufanywa katika mikutano ambayo wazazi hawaalikwi, na huandikwa kwa Kiingereza katika ripoti ambazo mwalimu wa darasa la tatu chini ya turubai hatakaa azione. Nataka tuyazungumze kwa lugha inayoeleweka na wale yanaowahusu.

Sababu ya Kifaransa hicho si siri. Sera ya Taifa ya Wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 2003 ilielekeza kwamba elimu kambini ifuate mitaala ya nchi wakimbizi walikotoka. Nia yake ni marejeo: mkimbizi yuko hapa kwa muda, siku moja atarudi kwao, na akirudi mtoto wake aweze kuingia shule ya kule bila kuanza upya. Ukilisikia kwa mara ya kwanza linaingia akilini. Lakini Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Waliozaliwa humo mwaka ule leo ni watu wazima, na wengi wana watoto wanaokaa kwenye madawati ya mtaala uleule, wakiandaliwa kwa safari ileile ambayo wazazi wao waliandaliwa.

Siibezi hoja ya marejeo, kwa sababu Tanzania ina historia ya kujivunia nayo. Mwaka 1963 chama cha FRELIMO kilianzisha Taasisi ya Msumbiji jijini Dar es Salaam, na baadaye kikawa na shule Bagamoyo. Watoto na vijana wa Msumbiji walisoma kwa Kireno, lugha ya mkoloni waliyekuwa wakipigana naye, kwa sababu viongozi wao waliona ndiyo itakayowaunganisha watu wa makabila mengi watakapokuwa na nchi yao. Nchi ikapatikana mwaka 1975. Mazimbu, Morogoro, chama cha ANC kilifungua shule mwaka 1978, ikaja kuitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu mwaka 1979. Pale walisoma kwa Kiingereza, wakijiandaa kuirudia Afrika Kusini, na wakairudia.

Tofauti ni kwamba shule zile zilikuwa zao. Harakati zenyewe ziliamua lugha, ziliandika mitaala, zilichagua walimu, na zilikuwa na ramani ya kurudi mkononi. Mwanamke aliyekimbia Fizi na watoto watatu mgongoni na mkononi hakukaa kwenye kamati yoyote kuchagua Kifaransa. Alipokelewa, akapewa kadi ya mgao, akaonyeshwa shule.

Kuna mfano mwingine wa hapahapa kwetu unaonisumbua zaidi, kwa kuwa unakwenda kinyume kabisa. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 hawakuwekwa kwenye kambi za mahema. Walipewa ardhi katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakalima, na watoto wao wakasoma mtaala wa Tanzania kwa Kiswahili. Mwaka 2014 zaidi ya 160,000 miongoni mwao walipewa uraia wa Tanzania, na kwa hao lugha ya shule ilikuwa sahihi kabisa. Lakini wenzao zaidi ya 50,000 walikuwa wamechagua kurudi Burundi miaka michache kabla. Watoto wao walifika wakiwa wamesoma kwa Kiswahili, wakakuta darasa la Kirundi na Kifaransa. Kijana aliyekuwa anakaribia kumaliza shule akajikuta haelewi swali la mtihani. Wengine waliwekwa kwenye masomo ya lugha kwanza, na wengine waliacha.

Kwa hiyo kundi moja, makazi yaleyale, lugha ileile: nusu ya hadithi ikawa mafanikio na nusu ikawa hasara. Serikali haikujua nani atarudi na nani atabaki. Hakuna anayejua. Kila lugha ya shule ya mkimbizi ni kauli ya watu wazima kuhusu mahali mtoto atakapokuwa miaka 15 ijayo, na wanapokosea, anayerudishwa darasa ni mtoto.

Hebu tuchukue familia moja ya Makamba, kusini mwa Burundi, iliyotawanyika katika vurugu za mwaka 2015. Ni familia ya kufikirika, lakini zipo nyingi za namna hiyo. Kaka mkubwa anavuka kuelekea Kigoma na watoto wake wanaishia kambi ya Nduta. Wanaanza kwa Kirundi, wanaendelea kwa Kifaransa, kama vile hawajaondoka. Dada anapita Kirundo na kufika kambi ya Mahama, Rwanda. Nchi hiyo iliamua mwaka 2008 kuacha Kifaransa na kufundisha kwa Kiingereza, basi watoto wake wanapewa miezi kadhaa ya kuzoeshwa kisha wanaingia katika mtaala wa Rwanda. Afueni yao ni kwamba Kinyarwanda na Kirundi vinasikilizana sana. Mdogo wao anakwenda mbali zaidi, hadi Nakivale, Uganda, ambako sera inasema darasa la kwanza hadi la tatu lifundishwe kwa lugha ya eneo, na eneo lile ni la Kinyankore, kisha Kiingereza kitawale. Wa mwisho anafika Kakuma, Kenya: Kiingereza katika masomo yote, na Kiswahili kama somo la lazima. Watoto hawa ni binamu. Walicheza uani pamoja. Wakikutana baada ya miaka 10, wa Nduta watakuwa wamesoma mwezi na umeme kwa Kifaransa na wenzao kwa Kiingereza, na vyeti vyao haviwezi kulinganishwa bila kupita kwenye ofisi kadhaa.

Kenya na Uganda zimekwenda njia ya kuwaingiza watoto wakimbizi katika mfumo wa taifa, na tangu mwaka 2012 hiyo ndiyo njia ambayo Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, limekuwa likiisukuma duniani kote. Mwaka 2017 nchi za IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, zilikutana Djibouti zikaafikiana kwamba watoto wakimbizi waingizwe katika mifumo ya elimu ya kitaifa. Faida zake ni za kweli. Dadaab, kambi ya Kenya yenye Wasomali wengi iliyoanzishwa mwaka 1991, ilianza na masomo ya Kisomali na kuhamia mtaala wa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwanafunzi wa Dadaab au Kakuma akifaulu mtihani wa sekondari wa Kenya, cheti chake kinatambulika, na mpango wa kuwasomesha wakimbizi wa WUSC, shirika la Kanada, umekuwa ukichukua vijana kutoka huko hadi vyuo vikuu vya nchi hiyo. Cheti cha mtaala wa kambini mara nyingi hakina nguvu hiyo.

Lakini tuone kilichotolewa. Kisomali kilipata maandishi rasmi ya Kilatini mwaka 1972 na ndani ya miaka michache kikawa lugha ya kufundishia nchini mwake, hadi sekondari. Ni lugha chache sana za Afrika zilizofika hapo. Mtoto wa Kisomali aliyeingia darasa la kwanza Dadaab baada ya mageuzi aliingia kwenye Kiingereza na Kiswahili, lugha mbili ngeni kwa mpigo. Wapo waliozimudu kwa uhodari mkubwa. Wapo pia, na ndio wengi kila mahali, waliokaa miaka mitatu ya kwanza wakinakili ubao.

Kuna jambo moja linalonikera kuliko yote katika mfumo wa kuingizwa, nalo ni kumpanga mtoto darasa kwa kipimo cha lugha. Mtoto wa Kongo aliyefika darasa la sita kwa Kifaransa akivuka kwenda Uganda anaweza kurudishwa darasa la pili au la tatu kwa sababu hajui Kiingereza. Anajua sehemu na desimali. Anajua mzunguko wa damu. Anaketi na watoto wa miaka minane kujifunza kusoma majina ya rangi, magoti yakigonga dawati, na baada ya muhula au miwili anaanza kutoroka. Wasichana huondoka mapema zaidi, maana nyumbani kila mara kuna kazi inayomsubiri na shule imeshamwambia kwamba hajui kitu. Halafu takwimu inaandika kwamba ameacha shule. Binafsi naona shule ndiyo iliyomwacha. Ingetosha kumpa jaribio la hisabati kwa lugha anayoijua, akawekwa darasa linalolingana na akili yake, na akapewa saa za ziada za lugha mpya kila siku kwa mwaka mzima.

Darasani mambo yanakwendaje? Nitaeleza nilichokiona, maana sera huwa inasomeka vizuri hadi mwalimu ashike chaki. Mwalimu, Mkongo, kijana mwenye bidii ambaye alikuwa akilipwa posho na si mshahara, aliandika ubaoni kwa Kifaransa maana ya usanisinuru. Akaisoma. Darasa likaitikia kwa pamoja, mara tatu. Kisha akageuka, akafunga kitabu, akaanza kueleza kwa Kiswahili: jani linapata mwanga, linavuta hewa, linatengeneza chakula chake lenyewe. Mikono ikaanza kuinuka. Msichana mmoja akauliza kama mmea uliowekwa ndani ya nyumba gizani utakufa kwa njaa au kwa kiu. Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoyasikia siku ile. Mwalimu akajibu, wakabishana kidogo, kisha akatazama saa na kuwaambia waandike. Wakaandika ile maana ya Kifaransa. Swali la msichana halikuandikwa popote, na katika mtihani hakuna nafasi atakayopata kulionyesha.

Walimu wa kambini wanafanya hivi kila siku, bila ruhusa rasmi na bila kitabu chochote kinachowasaidia kuhama kutoka lugha moja kwenda nyingine kwa mpango. Wanaona haya wakigunduliwa. Mmoja aliniomba nisiandike kwamba alitumia Kiswahili katika kipindi cha sayansi. Mwalimu anayefanya jambo sahihi kwa uficho ni dalili kwamba sera ndiyo iliyopinda.

Na utafiti uko upande wake. Wataalamu walioitwa na UNESCO waliandika mwaka 1953 kwamba njia bora ya kumfundisha mtoto ni lugha yake ya kwanza. Jim Cummins, mtafiti wa Kanada, alionyesha kwamba mtoto anaweza kupata lugha mpya ya mazungumzo ndani ya miaka kama miwili, lakini lugha ya masomo, ile ya kueleza sababu, kulinganisha na kutetea jibu, humchukua miaka mitano hadi saba. Hii ndiyo inayowahadaa watu wengi. Mgeni wa shirika anafika kambini, mtoto anamsalimia kwa Kiingereza kizuri, anamwambia jina lake na ndoto yake ya kuwa daktari, na mgeni anaondoka akiamini lugha si tatizo tena. Mtoto yuleyule akipewa swali la aya mbili kuhusu kiasi cha maji kinachovuja kutoka tangi, anakwama kwenye neno la tatu.

Sasa nije kwa wazazi, kwa sababu watu wa fani yangu huwa tunawasahau tunapotetea lugha za kwanza. Wazazi wengi niliozungumza nao kambini hawakutaka Kiswahili shuleni. Baba mmoja wa Kikongo aliniambia, "Mwalimu, Kiswahili mtoto anacho tayari. Shule impe kile ambacho mimi siwezi kumpa." Alitaka Kiingereza. Alikuwa na jamaa waliopelekwa Marekani kwa mpango wa kuhamishiwa nchi ya tatu, na kwa Wakongo wa Nyarugusu mpango huo si hadithi, maana maelfu wameondoka. Huwezi kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba anadharau utamaduni wake. Anafanya hesabu. Kurudi Kongo ni Kifaransa, kubaki Tanzania ni Kiswahili, kuhamishwa ni Kiingereza, na mtoto ni mmoja.

Nilimjibu kwa heshima, na bado nasimama kwenye jibu lile. Duniani kote, wakimbizi wanaohamishiwa nchi ya tatu kwa mwaka ni chini ya asilimia 1. Kumfundisha mtoto kila kitu kwa lugha ya safari ambayo wengi hawataipata ni kumnyima masomo ya leo. Tena mtoto anayeelewa hesabu na kusoma vizuri katika lugha moja hujifunza lugha ya pili na ya tatu kwa haraka zaidi, kwa sababu ujuzi wa kusoma unahama naye. Kiingereza afundishwe, na afundishwe vizuri, na mwalimu anayekijua, kama somo. Hilo ni tofauti na kumfundishia sayansi kwa Kiingereza ambacho hata mwalimu anakipapasa.

Si wazazi wote wanaopenda lugha ya kwao iwe shuleni, na wakati mwingine sababu ni za kina. Familia nyingi za kusini mwa Sudan zilizofika Kakuma baada ya mwaka 1992 zilitaka Kiingereza kwa sababu Kiarabu darasani kilikuwa sehemu ya utawala waliokuwa wakiukimbia. Sudan Kusini ilipopata uhuru mwaka 2011 ikakifanya Kiingereza kuwa lugha yake rasmi. Mtu akikutana na historia kama hiyo anajifunza kuuliza kabla ya kushauri.

Mahali ambapo siasa imejitokeza wazi kuliko kote ni Bangladesh. Warohingya zaidi ya 700,000 walivuka kutoka Myanmar kuanzia Agosti 2017, na mamlaka zikakataza watoto wao kufundishwa mtaala wa Bangladesh na lugha ya Kibangla, kwa hofu kwamba wakiijua lugha watabaki. Kwa miaka kadhaa walisoma masomo yasiyo rasmi, na majaribio ya mtaala wa Myanmar yakaanza mwaka 2021, kwa lugha ya Kibama, ya nchi iliyowafukuza. Hapo lugha imetumika kama uzio.

Sheria za kimataifa hazisaidii sana katika hili. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, kifungu cha 22, unaitaka nchi impe mkimbizi elimu ya msingi sawa na raia wake, lakini hautaji lugha. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 29, unataka elimu imjengee mtoto heshima kwa lugha yake mwenyewe, na kwa maadili ya nchi anayoishi, na ya nchi aliyotoka. Vyote vitatu kwa pamoja. Ni maneno mazuri ambayo hakuna ratiba ya vipindi niliyoiona imejaribu kuyatimiza.

Basi turudi Kigoma, ambako naamini jambo linawezekana kwa urahisi kuliko mahali pengine popote. Hoja ya marejeo yenyewe, ukiichukua kwa uzito, inakitetea Kiswahili. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Kongo, pamoja na Lingala, Kikongo na Tshiluba. Sheria ya elimu ya Kongo ya mwaka 2014 inazipa lugha hizo nafasi shuleni. Mtoto wa Fizi akisoma miaka minne ya kwanza kwa Kiswahili Nyarugusu, atarudi Fizi akiwa na lugha inayotumika sokoni, redioni na kanisani. Akibaki Tanzania, ataingia darasa la tano la shule ya jirani bila kutafsiriwa. Kiswahili hakimpi uraia wala hakimzuii kurudi. Serikali inayohofia kwamba mtaala wa Tanzania utawafanya wakimbizi wabaki haina sababu ya kuihofia lugha, maana lugha hiyo wameingia nayo.

Vitabu vipo. Taasisi ya Elimu Tanzania imechapisha vitabu vya hisabati na sayansi vya shule ya msingi kwa Kiswahili, na vingine vinasomeka bure mtandaoni. Kifaransa kiwe somo kuanzia mapema, kila siku, kisha kichukue sehemu ya masomo ya madarasa ya juu hatua kwa hatua, kwa sababu mtihani wa Kongo unakihitaji na sitaki mtoto afungiwe mlango huo.

Kwa Warundi wa Nduta hali ni tofauti, na hapa lazima nikubali kwamba Kiswahili si jibu la kila mtoto. Lugha yao ni Kirundi. Burundi inafundisha kwa Kirundi madarasa ya mwanzo na ina vitabu vyake, hilo liendelee. Ila kuna jambo la ajabu ambalo tunalipita kila siku: Kirundi na Kiha, lugha ya wenyeji wa Kasulu na Kibondo, vinasikilizana. Mtoto wa Kirundi kambini anaanza shule kwa lugha ya mama yake, wakati mtoto wa Kiha kijijini anaanza kwa Kiswahili ambacho huenda hakukisikia sana nyumbani. Katika hili mtoto mkimbizi amepata kitu ambacho raia hajapata. Nalitaja kwa sababu tunaposema habari za lugha za wakimbizi huwa tunajifanya kwamba swali la watoto wetu wenyewe limeshajibiwa. Mtoto wa Kirundi anahitaji pia Kiswahili kama somo, kwa dhati, kwa ajili ya hospitali, soko na polisi anaoishi nao. Na Burundi yenyewe imekiweka Kiswahili katika shule zake za msingi, kwa hiyo hata akirudi hatakuwa amepoteza muda.

Kuhusu gharama, huwa nasikia kwamba lugha nyingi ni ghali. Kurudisha maelfu ya watoto madarasa ya chini ni ghali pia, ila gharama hiyo haina mstari kwenye bajeti. Na walimu wanaojua lugha hizi wako kambini tayari. Wapo Wakongo waliofundisha miaka mingi kwao, wenye Kiswahili, Kifaransa na Kibembe, na Warundi wenye Kirundi, Kifaransa na Kiswahili. Wanalipwa posho ndogo, vyeti vyao havitambuliwi, na hawawezi kusajiliwa. Wengi huacha ualimu wakipata kazi yoyote nyingine ya shirika, hata ya ulinzi, na siwalaumu.

Kila tarehe 7 Julai tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Nimeshiriki maadhimisho hayo kwa furaha na nitaendelea kushiriki. Ningependa mwaka mmoja yafanyike Kasulu, na wanafunzi wa Nyarugusu wawe kwenye jukwaa, maana ukubwa wa lugha hii tunaousifu umebebwa na watu kama wao, waliovuka nayo Ziwa Tanganyika.

Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na Kongo iliingia mwaka 2022. Karibu watoto wote wa kambi za Kigoma ni raia wa nchi wanachama. Jumuiya ina Kamisheni ya Kiswahili yenye makao Zanzibar, ina mabaraza ya mitihani yanayofahamiana, na ina itifaki ya soko la pamoja iliyoanza kazi mwaka 2010 inayozungumzia watu kuvuka mipaka kwa ajili ya kazi na masomo. Mawaziri wa elimu wa nchi hizi wakikutana, naomba wakubaliane mambo mawili tu yanayoweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja: kwamba cheti cha elimu ya msingi kilichopatikana katika kambi yoyote ya ukanda huu kitapokelewa na shule yoyote ya nchi mwanachama bila mtoto kurudishwa darasa, na kwamba mtoto anayehama apimwe hisabati na kusoma kwa lugha aliyosomea. Walimu waliokuwa nami kwenye mafunzo wangeanza kutayarisha majaribio hayo kesho yake, kwa lugha tatu, wakipewa karatasi na ruhusa.